Mkono wa Mnakili: Historia Fupi ya Vijitabu vya Fotokopi

Katika maandishi yote aliyoyatoa binadamu, yako ambayo hayakupita kwa mchapishaji, hayakupimwa na mhariri wa kulipwa, wala hayakuwekwa dukani kwa bei iliyopigwa chapa nyuma ya jalada. Hayo ni maandishi ambayo mtu mmoja, au wawili watatu, waliyatunga wenyewe, wakayarudufu wenyewe, wakayakunja na kuyabana kwa pini wenyewe, kisha wakayagawa kwa mikono yao. Wenzetu wa Marekani na Uingereza wameipa kazi hiyo jina la zine, kipande kilichokatwa kutoka katika neno lao la jarida. Sisi hatuwezi kulipokea jina hilo kama lilivyo, kwani tukilitamka kwao-kwao na kulitilia irabu mwishoni, kama ilivyo desturi ya lugha yetu, litatuletea maana isiyofaa kutajwa mbele ya wakubwa. Basi na tuviite vijitabu vya fotokopi. Jina refu kidogo, lakini lenye stara.

Makala hii inakusudia kubainisha mambo mawili. La kwanza, kwamba kijitabu cha aina hii ni sanaa yenye kanuni zake, na haifai kukihesabu kuwa ni kitabu kilichokosa fedha. La pili, kwamba sanaa hiyo, japokuwa jina lake ni la ugenini, ni tawi la kazi kongwe ya mnakili, kazi ambayo watu wa mwambao waliifanya kwa karne nyingi, na ambayo bila yake mashairi mengi tunayojivunia leo yasingetufikia.

Wanakili wa mwambao

Muyaka bin Haji al-Ghassaniy wa Mombasa alifariki dunia mwaka 1840. Mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu, yakiimbwa na kutajwa katika mabaraza. Aliyeyakusanya ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, ambaye aliyaandika kwa hati za Kiarabu yale yaliyokuwa yangali katika kumbukumbu za watu wa mji, na kuyafikisha kwa William Taylor, mmishenari aliyekuwa akijifunza lugha na tungo za Mombasa. Diwani yenyewe haikutoka katika sura ya kitabu mpaka mwaka 1940, pale William Hichens alipoihariri na kuchapishwa Johannesburg. Baina ya kifo cha mshairi na kitabu chake ni miaka 100 kamili. Katika miaka yote hiyo, kilichoyashika mashairi yale ni kumbukumbu na kalamu. Yaliyosahauliwa kabla Mwalimu Sikujua hajayafikia yamekwenda moja kwa moja.

Tumtazame na mnakili mwingine. Muhamadi bin Abubakar Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mwanamuziki, mchonga nakshi na mwandishi wa hati nzuri. Aliwanakilia tenzi wataalamu wa Ulaya, miongoni mwao Alice Werner, Hichens, na Ernst Dammann, na kazi za mkono wake zimehifadhiwa hadi leo London na Ujerumani. Mwenye kuzitazama nakala hizo haoni maneno peke yake. Huona pia namna vipande vya ubeti vilivyopangwa katika ukurasa, wino uliobadilishwa, na nafasi iliyoachwa makusudi. Mkono uliozoea kuchonga ubao ulijua kuwa ukurasa nao una mizani yake. Kwa mnakili wa namna hii, kunakili ni kutunga mara ya pili, kwa macho.

Mwaka 1930, miji miwili

Mwaka 1930 yalitokea mambo mawili katika miji miwili ambayo haikuwa na habari yoyote baina yake.

Mjini Mombasa, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianza kutoa Sahifa, karatasi ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Aliitoa kwa juhudi zake mwenyewe, akiwahutubia watu wa mji wake juu ya elimu, dini, mila na hali yao chini ya utawala wa Waingereza. Mwaka 1932 ikafuata Al-Islah. Makala za Sahifa zilikusanywa baadaye katika kitabu kiitwacho Uwongozi, na mwaka 2017 makala hizo zilitolewa upya pamoja na tafsiri ya Kiingereza chini ya uhariri wa Kai Kresse.

Mjini Chicago, mwezi wa Mei mwaka huohuo, vijana wa chama kilichoitwa Science Correspondence Club, waliokuwa wakipenda hadithi za kubuni za sayansi na kuandikiana barua juu yake, walitoa kijarida chao, The Comet, chini ya uhariri wa Raymond Palmer. Kilirudufiwa kwa stensili, yaani karatasi ya nta iliyotobolewa kwa herufi za taipureta, wino ukapenya katika matundu na kukaa juu ya karatasi nyingine. Wanahistoria wa fani hii hukihesabu kijarida hicho kuwa cha kwanza cha aina yake. Miaka 10 baadaye, Oktoba 1940, Louis Russell Chauvenet akabuni neno fanzine kwa vijarida vya mashabiki, na humo ndimo lilimokatwa jina fupi linalotumika sasa.

Sheikh wa Mombasa na vijana wa Chicago hawakuwa na jambo moja la kuzungumza. Mmoja alishughulishwa na hali ya umma wake, wengine na safari za kubuniwa za kwenda kwenye sayari. Lakini walikutana katika uamuzi mmoja: kwamba mwenye neno la kusema hana haja ya kungoja kuitwa. Na pande zote mbili waliwaandikia watu waliowajua, au waliotaraji kujuana nao. Hapo ndipo asili ya sanaa hii ilipo. Gazeti huuzwa kwa umma usio na sura. Kijitabu hupewa fulani bin fulani.

Mkono uliochoka

Mashine iliyokuja kuipa kazi hii jina lake la leo ilizaliwa na mkono wa mnakili uliochoka. Chester Carlson alifanya kazi katika idara ya hataza za uvumbuzi ya kampuni moja mjini New York, ambako nakala za michoro na maelezo hazikutosha kamwe. Usiku alisoma sheria, na kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kununua vitabu, alikaa maktaba akivinakili kwa kalamu mpaka mkono ukamuuma. Tarehe 22 Oktoba 1938, katika chumba cha kupanga huko Astoria, yeye na msaidizi wake Otto Kornei walichukua bamba la zinki lililopakwa salfa, wakalisugua kwa kitambaa ili kulitia umeme tuli, wakaliangazia mwanga kupitia kioo kilichoandikwa kwa wino, kisha wakanyunyiza unga laini. Unga ukashika palipokuwa na maandishi, ukahamishiwa kwenye karatasi ya nta. Nakala ya kwanza ya fotokopi duniani ilikuwa na tarehe na jina la mahali tu: tarehe ya siku ile, na Astoria.

Kampuni zaidi ya 20 zilimkatalia. Mashine ya kwanza iliyofaa kwa ofisi, Xerox 914, ilitangazwa mwaka 1959. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 300, na ilitoa nakala 7 kwa dakika. Ilitengenezwa kwa ajili ya mabenki, serikali na makampuni. Hakuna aliyefikiri juu ya washairi. Lakini kila ofisi ina makarani, na kila karani ana saa ya chakula cha mchana. Historia ya vijitabu vya fotokopi, kwa sehemu kubwa, ni historia ya saa hiyo.

Mwaka 1968, miji mitatu

Mwaka 1968 unastahili kutazamwa peke yake, kwani katika mwaka huo nakala ilionesha sura zake tatu.

Mjini New York, Seth Siegelaub aliwaalika wasanii saba, kila mmoja afanye kazi ya kurasa 25 kwa ajili ya mashine ya fotokopi. Kitabu hicho hujulikana kwa jina la Xerox Book. La kushangaza ni kwamba kilipokuwa tayari, gharama ya fotokopi ilionekana kubwa mno kwa nakala 1,000, kikachapwa katika kiwanda cha kawaida. Hata hivyo wazo lilikwisha kuzaliwa: maonyesho ya sanaa yaweza kufanyika katika karatasi zilizobanwa, na nakala yaweza kuwa ndiyo kazi yenyewe, bila ya kuwako asili iliyotundikwa mahali.

Mjini Moscow, ambako mashine za kurudufu zilikuwa chini ya ulinzi wa dola, mwezi Aprili lilianza kutoka toleo la siri la habari za watu walioshitakiwa na kufungwa kwa sababu ya mawazo yao. Mhariri wake wa mwanzo alikuwa mshairi, Natalya Gorbanevskaya. Taipureta na karatasi za kaboni ndizo zilizokuwa kiwanda. Aliyepokea nakala alitarajiwa kupiga taipu nyingine chache na kuzipitisha mbele, kwa hiyo kila msomaji akawa mnakili. Gorbanevskaya alikamatwa Desemba 1969, na baadaye akatiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Toleo liliendelea kutoka bila yeye, hadi miaka ya 1980.

Na Mombasa, kijana wa miaka 22, Abdilatif Abdalla, aliandika karatasi yenye jina la swali, Kenya: Twendapi?, akiulizia mwelekeo wa serikali ya chama cha watawala na jinsi ilivyowatendea wapinzani. Karatasi hiyo iligawanywa kwa siri. Mwandishi alikamatwa, akashitakiwa kwa uchochezi, na akafungwa kifungo kilichomalizika mwaka 1972. Gerezani, aliponyimwa karatasi, alitunga mashairi na kuyaandika juu ya karatasi za chooni, yakatolewa nje kwa siri. Mwaka 1973 yakachapishwa kuwa Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 diwani hiyo ikapewa tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi.

Wapenzi wa ushairi huikumbuka diwani na kuisahau karatasi. Lakini diwani ni mtoto wa karatasi ile. Kurasa chache zisizo na jalada, zisizo na bei, zilizopita mkono kwa mkono katika mitaa ya mji mmoja, zilionekana na dola kuwa na uzito wa miaka mitatu ya umri wa mtu. Anayedhani kuwa udogo wa chapisho ni udogo wa neno na aitazame hukumu ile.

Mfano wa tatu wa Afrika Mashariki ulifuata muda si mrefu. Mwaka 1969, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kutoa Cheche, jarida lililopigwa taipu kwenye stensili na kurudufiwa. Humo Issa Shivji alitoa uchambuzi wake wa matabaka uliojadiliwa kwa miaka mingi baadaye. Mwaka 1970 jarida na chama kilichokuwa kikilitoa vilipigwa marufuku. Miaka 40 baadaye, mwaka 2010, Karim Hirji, aliyekuwa mmoja wa wahariri wake, alikusanya kumbukumbu za jarida hilo katika kitabu. Aliweza kufanya hivyo kwa kuwa wako waliokuwa wameweka nakala.

Kutoka London hadi Olympia

Miaka ya 1970 mashine za fotokopi zilienea, bei ikashuka, na sura mpya ya kijitabu ikadhihirika. Julai 1976, karani wa benki wa London, Mark Perry, alitoa toleo la kwanza la Sniffin' Glue, kijarida cha muziki wa punk. Nakala za mwanzo zilikuwa kama 50, zimepigwa taipu, na vichwa vya habari vimeandikwa kwa kalamu nene. Maneno yaliyokosewa yalikatwa kwa mstari yakaachwa hapohapo. Mwaka mmoja baadaye, baada ya matoleo 12, wasomaji wakihesabiwa kwa maelfu, Perry alikifunga kwa hiari yake, naye alikwisha kuwahimiza wasomaji waanzishe vijarida vyao wenyewe. Walifanya hivyo, mji kwa mji.

Mwaka 1991, katika mji wa Olympia jimboni Washington, na katika mji mkuu wa Marekani, wanawake vijana waliokuwa wakipiga muziki huohuo walivigeuza vijitabu kuwa uwanja wa mambo yasiyosemwa hadharani: udhalilishaji, hofu ya njiani, aibu ya mwili. Vuguvugu lao liliitwa Riot Grrrl. Aliyesoma kijitabu kimoja aliandika chake na kukipeleka kwa posta. Waandishi hao hawakujiita wanahistoria, lakini leo anayetaka kujua msichana wa miaka 17 wa wakati ule alifikiri nini hana budi kuzifungua karatasi zile. Chuo cha Barnard mjini New York kina mkusanyiko wa vijitabu vya wanawake ulioanza mwaka 2003, na Chuo Kikuu cha New York nacho kimefungua hifadhi maalumu ya karatasi za vuguvugu hilo.

Kanuni za sanaa

Sanaa hujulikana kwa mipaka yake. Shairi lina vina na mizani. Kijitabu cha fotokopi kina mkunjo na kivuli.

Mkunjo ndio hesabu yake. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne, kwa hiyo kila kijitabu huenda kwa nne nne. Karatasi tatu hutoa kurasa 12. Ya nje hubeba ukurasa wa 12 kushoto na wa 1 kulia, na kila kurasa mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi jumla yake ni 13. Anayeandika kwa hati za Kiarabu ageuze: wa 1 kushoto na wa 12 kulia. Kurasa nne zikiwa jalada, hubaki nane. Na utenzi wa beti 40, ukiwekwa beti tano kila ukurasa, hujaa bila kubakiza hata mstari. Shairi la mizani 16 nalo, ukwapi wake ukiwekwa upande mmoja na utao upande wa pili, hukaa vizuri katika upana wa nusu karatasi, sawa na walivyozoea wanakili wetu wa zamani. Inaelekea umbo hili dogo lilikuwa likitungoja.

Kivuli ndicho rangi yake. Mashine ya fotokopi ya zamani haikupenda rangi ya kijivu. Weusi iliuzidisha, weupe iliuchoma, na vya kati ikavipoteza. Picha ya uso hubaki macho na nywele. Kingo za kipande kilichobandikwa kwa gundi huacha mstari hafifu, na nakala ya nakala huzidi kuparara kila inaporudiwa. Mafundi wa fani hii walifanya kasoro hizo kuwa kalamu zao: wakakata kwa mkasi, wakabandika, wakaisogeza karatasi juu ya kioo wakati taa inapita ili herufi zivutike kama sauti ya mwimbaji. Jambo ambalo kiwanda hukitupa kwa kuwa ni kosa, hapa huwekwa kwa kuwa ni alama ya mkono.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sanaa hii ina adui wake ndani yake. Kwa kuwa kijitabu hutolewa kwa nakala chache na kugawiwa marafiki, hakuna anayejiona kuwa ni mlinzi wake. Mara nyingi hakina tarehe, kwani mtoaji na mpokeaji wote wanaijua siku ile. Wala jina la mji, kwani wote wako mjini. Baada ya miaka 30 marafiki hutawanyika, na karatasi inakuwa yatima.

Kwa sisi tunaokaa visiwani, hatari ni zaidi. Unga wa fotokopi wenyewe hudumu, lakini pini za chuma hushika kutu kwa hewa ya chumvi na kuila karatasi katikati ya mkunjo. Mifuko ya plastiki laini hunasa maandishi, ukifungua unakuta beti zimehamia kwenye plastiki. Mchwa hawahitaji kuelezwa. Dawa yake si ghali: kijitabu kishonwe kwa uzi badala ya pini, kazi ambayo mikono iliyozoea kushona kofia itaiona nyepesi, kiwekwe katika bahasha ya karatasi, mbali na sakafu na ukuta wa nje.

Leo shairi hutumwa kwa simu likafika Maskati na Toronto kabla mtunzi hajaweka chini kalamu. Ni neema kubwa. Lakini simu hubadilishwa, na lililokuwamo huondoka nayo. Vijitabu vya fotokopi havikufa na ujio wa intaneti. Katika miji mingi bado hutengenezwa na kubadilishanwa, kwani karatasi iliyo mkononi haihitaji chaji wala nywila. Hapa kwetu, washairi wa mitaani wanaotunga kwa arusi, kwa mazishi na kwa mabishano ya barazani wangali wengi, na wengi wao hawatapata mchapishaji. Wanayo lakini mashine ya fotokopi kwenye duka la karibu, na bei ya nakala moja haimshindi mtu. Muyaka aliingoja kalamu ya Mwalimu Sikujua. Mshairi wa leo anaweza kuwa Sikujua wa nafsi yake, na wa jirani yake.

Wanakili wa zamani walikuwa na adabu moja ya kufaa kuirejesha. Walipofika mwisho wa utenzi waliandika jina lao na siku waliyomaliza, wakamwomba msomaji dua. Carlson naye, pasi na kujua adabu hiyo, alianza na tarehe na mahali. Basi anayetoa kijitabu na aandike nyuma yake jina, mji, mwaka, na idadi ya nakala alizotoa. Kisha, kabla ya kuwagawia marafiki, atenge mbili: moja kwa mtu mdogo kuliko yeye katika nyumba yake, na moja aipeleke Nyaraka za Taifa pale Kilimani, au maktaba yoyote itakayoipokea. Zilizobaki na ziende ziendako.